Damu ya Marie Curie

Mwishoni mwa Juni 1934, mwanamke wa miaka 66 alipandishwa treni mjini Paris akapelekwa Sancellemoz, nyumba ya wagonjwa wa kifua katika milima ya Savoie. Homa ilimzidi njiani, na alipofika ilikuwa imepita digrii 40. Madaktari wa Paris walikuwa wameshuku mafua makali, kisha mkamba, kisha makovu ya zamani ya kifua kikuu. Ndiyo maana walimtafutia hewa ya milimani. Huko juu alipigwa picha nyingine za eksirei, na mapafu yakaonekana hayana hatia. Safari yote ilikuwa ya bure. Akaitwa profesa kutoka Geneva. Yeye hakukishughulikia kifua. Alichukua matokeo ya vipimo vya damu vya siku zile za mwisho, akayalinganisha, akaona chembe nyekundu na chembe nyeupe zinashuka pamoja, tena kwa kasi.

Mgonjwa huyo ni Marie Curie. Nimeanza na mwisho wake kwa makusudi, kwa sababu nataka kuyasimulia maisha yake kwa kufuata damu badala ya kufuata tuzo. Tuzo zake tunazijua tangu sekondari, hasa sisi wa Kongo tuliofundishwa fizikia kwa Kifaransa: Nobel ya fizikia mwaka 1903, Nobel ya kemia mwaka 1911, mwanamke wa kwanza hiki, mwanamke wa kwanza kile. Ambalo halikuingia katika madaftari yetu ni kwamba aliishi katika miaka ileile ambayo watu walianza kuisoma damu kama kipimo cha mionzi, kwamba yeye mwenyewe alisaidia kuiweka desturi hiyo, na kwamba alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kuitii.

Alizaliwa Warsaw tarehe 7 Novemba 1867 kwa jina la Maria Skłodowska, kitinda mimba wa watoto watano. Baba yake alikuwa mwalimu wa fizikia na hesabu. Mama yake aliongoza shule ya wasichana kabla kifua kikuu hakijamlaza na, mwaka 1878, kumuua. Poland wakati huo haikuwa kwenye ramani. Warsaw ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na shuleni Kirusi ndicho kilichokuwa lugha ya lazima. Walimu wa Maria walikuwa na ratiba mbili, moja ya kumwonyesha mkaguzi na nyingine ya kweli. Kengele ikilia kwa namna fulani, watoto walijua mkaguzi ameingia: vitabu vya historia ya Poland vilitoweka, vitambaa vya kushona vikatokea juu ya madawati, na Maria, ambaye Kirusi chake kilikuwa kizuri kuliko cha wenzake, ndiye aliyesimamishwa kutaja wafalme wa Urusi mmoja baada ya mwingine. Binti yake Ève ameandika katika kitabu cha maisha ya mama yake kwamba mkaguzi alipotoka, mtoto yule alilia.

Alipokua akawa mwalimu wa nyumbani katika familia ya kitajiri huko mashambani, ili apate fedha za kumsomesha dada yake Bronia udaktari mjini Paris. Jioni alikusanya watoto wa wakulima akawafundisha kusoma na kuandika Kipolandi. Hilo lilikuwa kosa, na adhabu yake ingeweza kuwa kali. Sisi tunaobishana kila mwaka kuhusu lugha gani imfundishe mtoto wa Lubumbashi au wa Bukavu hatuhitaji maelezo marefu hapa. Lakini silitaji kwa ajili ya mjadala wetu tu. Nadhani huko ndiko alikojifunza tabia moja iliyomfuata hadi Sancellemoz: kutimiza wajibu kimya kimya, hatari ikiwa imefichwa chini ya dawati.

Mwaka 1891 zamu yake ilifika, akaenda Paris. Miaka mitatu baadaye alikuwa na shahada mbili za Sorbonne, ya fizikia ambayo aliongoza darasa, na ya hesabu ambayo alishika nafasi ya pili. Julai 1895 aliolewa na Pierre Curie, mwanafizikia ambaye wakati huo alijulikana zaidi nje ya Ufaransa kuliko ndani. Irène, binti wao wa kwanza, alizaliwa mwaka 1897.

Henri Becquerel alikuwa amegundua mwaka 1896 kwamba chumvi za uraniamu hutoa miale bila kuangazwa na chochote. Marie aliichukua hoja hiyo iwe utafiti wake wa udaktari wa falsafa. Alipima madini baada ya madini, akakuta mengine yana nguvu kuliko uraniamu iliyomo ndani yake, akahitimisha kwamba lazima kuna kitu kingine. Julai 1898 yeye na Pierre walitangaza elementi mpya, wakaiita poloniamu, kwa jina la nchi ambayo haikuwepo. Katika kichwa cha taarifa hiyohiyo likaingia neno jipya, lile ambalo Kifaransa na lugha nyingine za Ulaya zinalitumia hadi leo kwa vitu vinavyotoa miale vyenyewe. Desemba ikafuata radiamu.

Waandishi wa Kiswahili wamelipatia neno hilo tafsiri nzuri: unururifu, kutoka nuru. Nalipenda, ingawa lina mtego. Nuru ni kitu cha macho, na miale hii macho hayaioni. Hata hivyo kwa Marie na Pierre tafsiri yetu ingekuwa sahihi kabisa, maana chumvi za radiamu ziling'aa gizani, na usiku walirudi katika kibanda chao cha kazi kwenda tu kuzitazama. Kilikuwa kibanda kibovu, paa la vioo likivuja mvua. Humo Marie alichemsha masalio ya madini kutoka Joachimsthal, Bohemia, tani kwa tani, akiyakoroga kwa fimbo ya chuma yenye urefu kama wake. Mwaka 1902 alikuwa amepata sehemu ya kumi ya gramu ya chumvi safi ya radiamu.

Ngozi ndiyo iliyotoa habari kwanza. Becquerel alibeba kichupa cha radiamu katika mfuko wa fulana yake, akaungua. Pierre alijifunga radiamu mkononi kwa makusudi kwa saa kumi, kisha akaandika jinsi kidonda kilivyoendelea siku hadi siku. Baada ya siku 52 kilikuwa hakijapona vizuri. Vidole vya Marie vilikuwa vigumu nchani, vikibabuka na kuuma. Hayo yote waliyachapisha bila aibu, maana kilichoweza kuunguza ngozi nzima kiliweza pia kuunguza uvimbe wa saratani, na tiba ikaanzia hapo. Pierre alianza kuumwa miguu kiasi cha kukosa usingizi. Wakaita baridi yabisi. Tarehe 19 Aprili 1906 aliteleza barabarani chini ya gari la farasi, gurudumu likamponda kichwa, na hatutajua mwili wake ungesema nini baadaye.

Mwaka huohuo wa 1906 Wafaransa wawili, Bergonié na Tribondeau, walitoa kanuni inayofundishwa hadi leo: mionzi huziumiza zaidi seli zinazogawanyika kwa wingi. Ili kuelewa kwa nini kanuni hiyo inaihusu damu, tukumbuke kwamba damu si maji yaliyokaa chunguni. Chembe nyekundu huishi karibu siku 120, nyingi za chembe nyeupe huishi muda mfupi zaidi, na uboho uliomo ndani ya mifupa hufanya kazi usiku na mchana kuzaa nyingine mahali pake. Uboho ukipigwa, duka la damu huendelea kuuza akiba kwa siku kadhaa, halafu rafu zinaanza kuonekana tupu. Mjerumani Heineke alikuwa amekwisha onyesha mwaka 1903, kwa wanyama, kwamba eksirei huangamiza tishu zinazotengeneza limfosaiti, ambazo ni aina mojawapo ya chembe nyeupe. Limfosaiti zina ajabu yake: zikiwa katika damu hazigawanyiki kwa wingi, lakini mionzi ikipita, hufa mapema kuliko chembe nyingine.

Kuzihesabu hakukuhitaji mashine kubwa. Kidole kilichomwa, tone likafyonzwa kwa mrija mwembamba, likachanganywa na maji ya dawa, likamiminwa juu ya kioo kilichochorwa miraba midogo, kisha mtu akainamia darubini akihesabu mraba kwa mraba. Mtu mzima mwenye afya ana chembe nyekundu kati ya milioni nne na tano hivi katika milimita moja ya ujazo, na nyeupe elfu kadhaa. Kazi ya kuchosha macho, lakini ya bei nafuu, na maabara yoyote ya hospitali iliiweza.

Marie alichukua nafasi ya mumewe Sorbonne, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha huko. Napita haraka juu ya mwaka 1911, ambao magazeti ya Paris yalimla nyama kwa sababu ya uhusiano wake na Paul Langevin na kwa sababu ya ugeni wake, na ambao Chuo cha Sayansi kilimnyima kiti kwa kura chache. Wenye kupenda habari hizo wana vitabu vingi.

Miaka ya vita ndiyo ninayotaka kukaa nayo. Ujerumani ilipoishambulia Ufaransa mwaka 1914, Taasisi ya Radiamu iliyojengwa kwa ajili yake ilikuwa ndiyo kwanza imekamilika, na vijana wake wote walikwenda jeshini. Marie aligundua kwamba majeruhi walikuwa wakipasuliwa kwa kubahatisha, kwa sababu mashine za eksirei zilikuwa mijini huku risasi na vipande vya mabomu vikiwa miilini mwao karibu na mstari wa mapigano. Aliomba magari kwa matajiri, akafunga mashine ndani pamoja na jenereta iliyoendeshwa na injini ya gari lenyewe. Yalikuwa magari 20 hivi, na askari waliyaita Curie wadogo. Akasimamia pia kufungwa kwa vyumba 200 vya eksirei katika hospitali. Alijifunza kuendesha gari, kubadilisha tairi, kusoma anatomia. Irène, ambaye vita ilipoanza alikuwa hajatimiza miaka 17, alifanya kazi kando yake, na baada ya muda akaachiwa vituo peke yake. Kuanzia mwaka 1916 wanawake wapatao 150 walifundishwa kazi hiyo. Majeruhi waliopigwa picha walizidi milioni moja.

Mama na binti walisimama kando ya mashine hizo saa kwa saa, mikono ikiingia katika miale ili kumweka majeruhi sawa, bila kinga ya kutosha. Kwa radiamu Marie alikuwa na woga kidogo, kwa kuwa radiamu ilikuwa ghali na ilihitaji kushikwa kwa uangalifu. Kwa eksirei za vita hakuwa na nafasi ya kuwa na woga. Mtu analetwa anavuja damu. Nani atasimama kupima damu yake mwenyewe?

Baada ya vita Taasisi ilijaa tena. Upande mmoja ulikuwa wa Marie, fizikia na kemia. Upande wa pili ulikuwa wa daktari Claudius Regaud, aliyechunguza jinsi miale inavyotenda katika mwili. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000 wakamnunulia gramu moja ya radiamu, na Rais Harding akamkabidhi katika ikulu. Mwaka uliofuata aliingia katika Chuo cha Tiba cha Ufaransa. Kiti hicho kilikuwa na uzito kuliko heshima yake, maana Januari 1925 wahandisi wawili Wafaransa waliotengeneza dawa zenye unururifu walifariki kwa kupishana siku chache, na ikabidi tume iundwe katika Chuo hicho. Marie alikuwa mmoja wa wajumbe. Tume ilipendekeza kuta za madini ya risasi kati ya mfanyakazi na dawa, na damu ya wafanyakazi wa viwanda ipimwe kila baada ya muda.

Kwa maneno mengine, tone la damu kutoka kidoleni lilikuwa limekuwa kanuni, na sahihi yake ilikuwa mojawapo ya zilizoliidhinisha. Katika Taasisi kanuni hiyo ilifuatwa. Aliwakataza wanafunzi wake kushika vichupa kwa mkono. Koleo lilikuwa lazima, ngao ya risasi lazima, kupimwa damu lazima. Habari za wasichana wa New Jersey nazo zikamfikia, wale waliopaka rangi ya radiamu kwenye sahani za saa huku wakichonga ncha ya brashi kwa midomo. Aliposhauri kupitia magazeti kwamba wale maini, hakuwa akitania: maini yalikuwa tiba mpya kabisa ya upungufu mkali wa damu. Kwa hiyo alijua ugonjwa unakaa wapi. Wanaosema kwamba Madame Curie alikufa kwa kutojua, mimi siwafuati.

Hapa Katanga inaingia, na haikuingizwa nami kwa kupenda kwetu. Mwaka 1915 madini ya uraniamu yalikuwa yamegunduliwa Shinkolobwe, karibu na Likasi ya leo. Kuanzia mwaka 1922 yalisafishwa Olen, Ubelgiji, na kwa sababu yalikuwa mengi na mazito kuliko ya mahali pengine, bei ya radiamu ya dunia ikaporomoka. Mwaka 1929 Wamarekani walipomchangia Marie tena, safari hii kwa ajili ya taasisi ya Warsaw, hundi aliyokabidhiwa na Rais Hoover ilikuwa ya dola 50,000: nusu ya ile ya kwanza, kwa gramu ileile. Nusu iliyopungua ilichimbwa kwetu. Na kuna jambo jingine ambalo mtu wa lugha hawezi kuliacha. Mwaka 1924 Mbelgiji Alfred Schoep alieleza jiwe jipya la rangi ya manjano kutoka Shinkolobwe, akaliita sklodowskiti. Jiwe jingine la hukohuko lilikuwa limekwisha pewa jina la Curie. Hivyo jina la kuzaliwa la Maria, lile la Kipolandi ambalo ramani za Ulaya zililimeza pamoja na nchi yake na vitabu vyetu vya shule vikaliacha, limebaki katika orodha ya mawe ya Katanga.

Wachimbaji wa Shinkolobwe walishika jiwe hilo kwa mikono mitupu au kwa majembe. Hakuna aliyewaandikia wasifu, wala mimi siwezi kuwaandikia hapa. Nawataja ili isionekane kwamba hadithi ya radiamu ilikuwa na kidole kimoja tu cha kuchomwa sindano.

Turudi kwa chake. Ève, ambaye aliishi naye nyumba moja katika miaka hiyo, ameeleza wazi kwamba mama yake aliikubali kwa shida kanuni ya kupimwa damu, yeye aliyewabana wengine kuifuata. Alipokubali, majibu yalionyesha kwamba damu yake si ya kawaida. Hakubadilisha kitu. Alikuwa ameishi na radiamu zaidi ya miaka 30, macho yake yalipasuliwa mara kadhaa kwa ajili ya mtoto wa jicho, vidole vilikuwa na makovu. Tofauti kidogo katika hesabu ya chembe ilimwonekea ni sehemu ya kodi anayolipa. Hapo ndipo ninapoona ugumu wa kipimo hiki, na si ugumu wa darubini. Hesabu ya damu haiumi. Kidonda kinamlazimisha mtu asimame. Namba kwenye karatasi inaomba tu iaminiwe. Mwanamke ambaye maisha yake yote aliziamini namba, hadi akatangaza elementi ambayo hakuna aliyeiona kwa macho, aliikataa namba iliyotoka katika kidole chake.

Sitaki kumgeuza mtakatifu kwa ajili hiyo, wala mpumbavu. Alikuwa na maabara ya watu wengi ya kulisha, kitabu cha unururifu cha kumaliza, na Irène na mumewe Frédéric Joliot ambao mwanzoni mwa 1934 walikuwa wamefanikiwa kutengeneza unururifu kwa mikono ya binadamu. Walimletea matokeo ndani ya kichupa kidogo, naye akakishika kwa vidole vyake vilivyoungua. Mei aliondoka maabara mapema kwa sababu ya homa, na hakurudi.

Asubuhi ya tarehe 3 Julai, Sancellemoz, alisoma mwenyewe kipimajoto na kuona homa imeshuka, akafurahi. Ilikuwa ishara mbaya. Alfajiri ya tarehe 4 alifariki. Mkurugenzi wa nyumba ile, daktari Tobé, aliandika kwamba ni upungufu wa damu wa aina kali, wenye homa na mwendo wa haraka, na kwamba uboho haukuitikia, huenda kwa sababu ulikuwa umeumizwa na mionzi iliyolimbikizwa kwa miaka mingi. Alizikwa Sceaux kando ya Pierre.

Neno huenda katika taarifa hiyo lina maana. Hesabu ya chembe ilitosha kusema kwamba uboho umekufa. Haikutosha kusema ni miale ipi iliyouua, wala ni kiasi gani. Kwa mtu aliyepigwa ghafla, katika ajali moja, damu ni shahidi mzuri zaidi: limfosaiti zikihesabiwa tena na tena katika siku mbili za kwanza, kasi ya kupungua kwake humwonyesha daktari takriban kiasi cha dozi. Kwa njia ya namna hiyo madaktari wa Chernobyl mwaka 1986 walitenganisha wagonjwa, na kati ya watu 237 walioshukiwa wakathibitisha 134. Lakini kwa mtu aliyenyunyiziwa kidogo kidogo kwa miaka 35, shahidi huyo hubabaika.

Shahidi bora alikuwa ndani ya chembe zilezile, na hakuna aliyeweza kumsoma Marie akiwa hai. Mionzi hukata kromosomu, na mwili ukijaribu kuziunga huweza kukosea, vipande viwili vikaungana kuwa kromosomu moja yenye vifundo viwili vya kati badala ya kimoja. Kosa hilo ni nadra sana kwa mtu wa kawaida, kama moja katika chembe elfu. Likizidi, idadi yake hulinganishwa na mchoro uliotayarishwa maabara na dozi ikakadiriwa, hata kama mgonjwa hakuwa na kifaa chochote cha kupimia mwilini. Ila ilibidi kwanza kromosomu za binadamu zihesabiwe sawasawa, na idadi ya 46 ilitangazwa na Tjio na Levan mwaka 1956 tu. Mwaka huohuo, tarehe 17 Machi, Irène Joliot-Curie alifariki kwa saratani ya damu.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 1958, watu sita walipigwa na mionzi ya kinu cha Vinča, Yugoslavia. Walisafirishwa hadi Paris, katika hospitali ya Wakfu wa Curie, iliyotoka katika nusu ya Regaud ya taasisi ileile. Damu yao ilifuatwa siku kwa siku. Chembe zilipoendelea kushuka, profesa Georges Mathé na wenzake waliwawekea watano uboho wa Wafaransa waliojitolea, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanyika kwa majeruhi wa mionzi. Mmoja alikufa, watano wakaishi. Mbinu ya kromosomu ilianza kutumika katika ajali za miaka ya 1960, na ilipofika Goiânia, Brazili, mwaka 1987, ambako wananchi walifungua mashine iliyotupwa ya hospitali na kugawana unga wake wa buluu unaong'aa gizani, zaidi ya watu 100 walichunguzwa damu kwa njia hiyo.

Swali la Marie lilipata jibu lake kwa njia nyingine. Aprili 1995 Ufaransa iliamua kuwahamishia yeye na Pierre katika Panthéon, na kaburi la Sceaux likafunguliwa mbele ya wataalamu wa kinga ya mionzi. Walikuta ndani ya jeneza lake la nje mna jeneza la madini ya risasi. Walipima hewa yake. Radiamu hufanana na kalisi, hukaa mifupani, na huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Kama ndiyo iliyomuua, ingekuwa bado imo humo karibu yote. Walichokipata kilikuwa kidogo mno. Wataalamu wakaelekeza kidole kwenye eksirei za vita, yaani kwenye yale magari.

Ève, binti mdogo, ambaye mwaka 1914 alikuwa mtoto wa miaka tisa na hakuwahi kufanya kazi ya maabara, alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 102.